Malezi ya Mtoto Anyonyaye Katika Nyumba ya Kikristo

Sisi tunaosema nanyi jioni hii ni mume na mke, wakazi wa upande wa Muheza, na watoto wetu ni wanne. Hatukuitwa hapa kwa sababu ya elimu, maana hatuna kubwa. Tumeitwa kwa kuwa jambo tulilopewa kulisema limetupata nyumbani mwetu wenyewe, nalo ni hili: Mkristo mwenye mke mmoja amleeje mtoto mchanga mpaka ashibe ziwa la mama yake, asifukuzwe kifuani na mdogo wake kabla ya wakati?

Hakuna mtu wa Tanga, wala wa Pangani, wala wa Bonde, asiyelijua neno kubemenda. Wazee walisema kwamba baba na mama wakikutana wakati mtoto anyonyapo, maziwa huharibika, na mtoto hudhoofu, akalegea miguu, hata pengine akafa. Kwa hofu hiyo mama alikaa na mtoto wake miaka miwili na zaidi. Mchana alimbeba kwa mbeleko, usiku alilala naye, na kila alipolia alipewa ziwa. Na baba je? Baba alikuwa na nyumba ya pili, akaenda huko. Sisi twaona ya kuwa desturi ile ilikuwa na akili ndani yake, ingawa sababu iliyotajwa haikuwa ya kweli. Maana maziwa ya mama hayaharibiki kwa jambo lile hata kidogo.

Kisha ikaja dini yetu. Misheni ya UMCA ilianza kazi Magila tangu miaka ya 1860, na mwaka 1891 wamisionari wa Kijerumani walifika Mlalo, kwa Washambaa. Wote walifundisha mume mmoja na mke mmoja. Mwaka 1888 maaskofu wa Kianglikana walipokutana Lambeth, Uingereza, waliamua kwamba mwanamume mwenye wake wengi asibatizwe mpaka atakapowaacha, akae na mmoja. Na amri hiyo ilidumu miaka mia, mpaka ilipolegezwa mwaka 1988. Neno la mke mmoja sisi twalipokea kwa moyo wote. Lakini kweli isemwe: waliotuondolea nyumba ya pili hawakutuambia baba afanye nini katika ile miaka miwili. Jambo hilo waliwaachia watu wenyewe, gizani, na kila nyumba ikajitafutia njia yake.

Na sasa habari yetu. Mtoto wetu wa pili alikuwa na miezi tisa, hajasimama bado, mama yake alipojiona ana mimba. Bibi yao, mzaa baba, alisema, "Mwachisheni leo hii, msimuue." Tukatii. Tukapaka shubiri kwenye chuchu, mtoto akalia siku tatu, kisha akanyamaza. Tukampa uji wa muhogo asubuhi, uji wa muhogo jioni, nasi tukadhani ameshiba kwa kuwa tumbo lilijaa. Baada ya majuma kadhaa miguu ikavimba, nywele zikawa nyekundu na nyepesi, wala hakucheka tena. Pale kijijini wakasema kwa sauti ya chini kwamba tumembemenda. Siku ya Jumapili tulikaa kiti cha nyuma kanisani, kwa haya.

Muuguzi tuliyemwendea hakututukana. Alituuliza swali moja tu: mtoto huyu anakula nini? Ndipo akatueleza habari ya ugonjwa uitwao kwashakoo. Jina hilo limetoka kwa Waga wa Ghana, ambao waliutaja kuwa ugonjwa wa mtoto anayeondolewa ziwani mdogo wake ajapo. Daktari mwanamke aitwaye Cicely Williams aliuandika mwaka 1933, alipokuwa akifanya kazi katika nchi ile. Basi tazameni: watu wa Ghana na watu wa Bonde waliona mtoto yule yule, miguu ile ile iliyovimba, wazee wetu wakalaumu kitanda cha wazazi, kumbe lawama ni ya bakuli. Mtoto alinyang'anywa maziwa ghafula akapewa muhogo mtupu, usio na nguvu ya kujenga mwili. Tulipoanza kumpa maziwa, na uji wenye karanga na dagaa waliosagwa, na yai lilipopatikana, alipona. Lakini si wote waponao, na kuchelewa kwetu hatujakusahau.

Tena tulijifunza kwamba mimba peke yake haiharibu maziwa. Mama mwenye afya aweza kuendelea kunyonyesha, naye ale vizuri. Kama ni lazima kuachisha, na iwe polepole. Mambo haya twayasema waziwazi kwa sababu hatukuambiwa na mtu kabla ya kuoana.

Turudi kwa lile swali la baba. Mwaka 1988 wataalamu walikutana Bellagio, Italia, wakathibitisha jambo ambalo bibi zetu walilijua nusu: mama anyonyeshaye hukawia kushika mimba. Lakini yapasa mambo matatu yawe pamoja. Mtoto awe hajatimiza miezi 6. Anyonye tu, mchana na usiku, bila maji wala uji. Na mama awe hajaona damu yake ya mwezi. Yakiwa yote matatu, katika wanawake mia hawafiki wawili watakaoshika mimba. Likikosekana moja, kinga imekwisha. Sisi tulipompa mtoto wetu uji tangu mwezi wa tatu tuliuvunja ukuta ule kwa mikono yetu.

Baada ya hapo Wakristo hawasemi kwa sauti moja. Kanisa Katoliki, kwa waraka wa Papa Paulo wa Sita wa mwaka 1968, lakubali wazazi wajizuie katika siku za kushika mimba tu. Waanglikana, tangu mkutano wa Lambeth wa mwaka 1930, wameruhusu na njia nyingine kwa sharti la dhamiri njema. Sisi tulichagua kuzihesabu siku na kujizuia. Si rahisi, wala hatutamdharau jirani aliyechagua vingine na mchungaji wake na muuguzi wake. Tunalolishika ni kwamba baba naye atoe kitu. Zamani mama peke yake ndiye aliyejinyima.

Katika Biblia twamwona Hana, aliyekataa kupanda kwenda hekaluni mpaka Samweli aachishwe ziwa, na mumewe Elkana akamwachia afanye lililo jema machoni pake. Wahubiri wengi humsifu Hana. Sisi twapenda kumtaja Elkana. Na jirani zetu Waislamu, ambao pwani hii twaishi nao ukuta kwa ukuta, wamefundishwa katika Kurani miaka miwili kamili ya kunyonyesha kwa atakaye kutimiza. Basi katika jambo hili Mwislamu na Mkristo wa Tanga hawana la kugombania.

Neno dogo juu ya chupa. Mwaka 1939 daktari yule yule Cicely Williams alisimama Singapore akawalaumu vikali wauzao maziwa ya kopo kwa mama wenye maziwa yao wenyewe. Maji yetu ya kisima twayajua. Na ile dang'a, maziwa ya kwanza ya rangi ya manjano, msiimwage. Hiyo ndiyo dawa ya kwanza ya mtoto.

Mtoto wetu wa tatu alinyonya mimba yote ya nne haijawa, miaka miwili na miezi mitatu. Bibi yao hajakubali mpaka leo habari ya maziwa kutoharibika. Asema vitabu havikulea watoto. Lakini yule wa nne alipozaliwa, yeye ndiye aliyetoa kanga yake mpya, akampanga mjukuu mgongoni, akafunga mbeleko, akaenda naye kanisani na kukaa kiti cha mbele.