Tovuti yako iko kwa jina la nani?

(Maneno tuliyosema Butembo mbele ya vijana na wenye maduka. Tunayaweka hapa kwa ajili ya wale wenye hawakufika.)



Sitakawia. Naanza na ulizo moja, kila mwenye duka ajijibu mu roho yake: tovuti yako iko kwa jina la nani? Siongelee jina lenye liko juu ya picha. Naongelea jina lenye liliandikwa siku ya kununua, na ile barua pepe yenye inapokeaka habari kama siku ya kulipa imefika.

Wengi hawajue. Mama mmoja wa hapa kwetu, muuzaji wa vitenge vya jumla, alimupa kijana dolari 300 amutengenezee tovuti. Kazi ilikuwa nzuri, sisemi uongo. Lakini kijana aliandikisha kila kitu kwa jina lake mwenyewe, kwa barua pepe yake. Kisha akapata kazi mbali, namba ya simu ikabadilika. Mwaka ukaisha, hakuna mtu alilipa. Siku moja muteja wa Kisangani akamupigia simu: «Mama, siku hizi umeingia mu michezo ya pari?» Kumbe jina lilishanunuliwa na watu wasiojulikana, wakaweka mambo yao ya kubahatisha feza. Na lile jina lilikuwa kwenye mifuko, kwenye bango la duka, mpaka kwenye fakture. Hajalipata hata leo.

Hapa Butembo tunajua mambo ya parsele. Hakuna mtu anajengaka nyumba ya ngazi tatu kwenye parsele yenye karatasi iko kwa jina la muashi. Basi jina la tovuti, lile lenye linaishaka na .com ao .cd, njo parsele. Ile mashine inayolinda kurasa zako ni nyumba. Nyumba ikianguka, unajenga ingine kesho kama uliweka kopi ya picha na maandishi yako. Parsele ikienda, njo imeenda.

Tena kuna tofauti moja: hii parsele hainunuliwe mara moja kwa maisha yote, unalipia kila mwaka. Kwa majina ya .com, siku ikipita hawakunyanganye palepale. Kampuni iliyokuuzia inaweza kukungojea mpaka siku 45, kisha kunakuwa siku 30 za kukomboa kwa bei kali, halafu siku 5, na jina linarudi sokoni. Watu wanakaa wakichunga majina ya namna hiyo, na programu zao hazilale.

Musifikiri ni shida ya muuza vitenge tu. Inchi yetu ilipata .cd mu 1997, wakati Zaïre ilibadilisha jina. Mbele tulikuwa na.zr. Ili mtu afungue tovuti yoyote ya .cd, kuna mashine fulani zinaulizwa kwanza: hii jina iko wapi? Mwisho wa 2020, moja ya majina yaliyobeba hizo mashine, scpt-network.com, liliachwa bila kulipiwa mpaka likarudi sokoni. Jina la .com! Kitu chenye bei yake inafanana na ya kuku. Mutafiti wa usalama wa Sweden, Fredrik Almroth, aliliona akalinunua mbele wezi hawajaliona. Mu Januari 2021 akaeleza kwamba karibu nusu ya maulizo yote ya .cd yangeweza kupita mikononi mwake. Serkali, banki, maduka, vyote. Tulikuwa na bahati aliyeliona alikuwa mutu muzuri.

Wengine watasema: mimi niko na Facebook na WhatsApp, inatosha. Kweli, wateja wako kule, musifunge. Lakini tarehe 4 Oktoba 2021 vyote viwili vilizimika karibu saa sita dunia nzima, na pale mu Facebook sisi wote tuko wapangaji. Na tovuti nayo haiponyeshe kila kitu: tangu 31 Desemba 2018, kisha uchaguzi, intaneti ilikatwa inchi nzima karibu majuma matatu. Kwa hiyo namba za wateja wakubwa muziandike pia mu daftari. Usicheke, nasema kweli.

Kitu kingine: fungua tovuti yako mwenyewe. Hapana mu biro kwenye wifi, simama barabarani na simu ya bei chini, na mega zenye umejinunulia. Picha moja ya simu inaweza kuwa na mega 4. Ukiweka kumi hivihivi bila kuzipunguza, muteja wa Lubero anamaliza forfe yake akingojea kuona bei ya simiti, na bei yenyewe haimo! Kuna maneno marefu juu ya «maono yetu», namba ya simu imefichwa chini kabisa.

Ile kufuli ndogo kando ya anwani, musilipe dolari 100 juu yake. Tangu 2015 kuna Let's Encrypt yenye inaitoa bure. Na ukiomba majina na namba za watu, ujue kuna sheria: kodi ya numeriki ya 13 Machi 2023 inagusa mambo hayo.

Sasa sisi vijana, juu wengi wetu njo tunatengeneza hizi tovuti. Mimi mwenyewe niliandikisha jina la dada mmoja wa salon kwa barua pepe yangu, eti tulikuwa mbio. Miaka miwili nilikaa na funguo za biashara ya mutu mu mufuko. Sikumuibia, lakini kama ningekufa? Nilimurudishia mwezi uliopita, ilichukua dakika 20.

Jumamosi saa tatu ya asubuhi tunarudi hapahapa. Kuja na simu, na fakture ya siku ulinunua jina. Wenye hawana fakture, njo tutaanza nao.