Kuvu Inayolisha Mti wa Kahawa

Mazungumzo yaliyoandaliwa kwa mabaraza ya wakulima katika wadi



Mkulima wa kahawa akisikia neno kuvu hufikiria hasara. Kutu ya majani ni kuvu. CBD, inayoozesha matunda yakiwa bado mabichi, ni kuvu pia. Kila msimu wa mvua pampu hujazwa dawa ya kopa kwa sababu yake. Lakini iko kuvu nyingine inayoishi ndani ya mizizi ya kahawa hiyo hiyo, na mti ukiikosa hudhoofika.

Ushirika huo wa kuvu na mzizi huitwa maikoriza, jina lililotungwa na Mjerumani Albert Bernhard Frank mwaka wa 1885. Katika kahawa, kuvu hupenya seli za mzizi na kuchipua humo vitawi vidogo kama kichaka. Hapo ndipo biashara hufanyika: mti hutoa sukari na mafuta, kuvu nayo huleta fosforasi na zinki.

Fosforasi ndiyo kiini cha jambo. Udongo mwekundu wa nyanda za juu unayo, ila sehemu kubwa hushikwa na chuma na alumini, hasa asidi ikizidi. Tena haitembei. Mzizi ukishamaliza iliyo milimita moja au mbili kando yake, hukaa na njaa katikati ya chakula. Nyuzi za kuvu, ambazo ni nyembamba kuliko unywele, hufika sentimita kadhaa mbele na kupita mahali ambapo mzizi hauwezi kupenya.

Migomba, minazi, mikorosho, michai na mipapai ina ushirika kama huo. Sukuma wiki na kabeji hazina. Shamba lililopandwa sukuma wiki pekee kwa misimu mingi hubaki na kuvu chache. Mahindi na maharagwe huirejesha.

Shida nyingi huanzia kitaluni. Udongo unapochomwa au kufukizwa dawa ili kuua minyoo ya mizizi, kuvu hufa pia. Miche ya migomba ya tishu hutoka maabara bila kuvu yoyote. Miche ya namna hii hupendeza machoni kwa sababu hupewa maji na mbolea kila mara. Ikifika kwenye shamba lililochoka hudumaa, na pesa za mkulima zimeshakwenda. Baada ya udongo wa kitalu kutibiwa, unaweza kuchanganywa na udongo kidogo wa juu uliotolewa chini ya mimea yenye afya. Usitolewe kabisa penye mnyauko au minyoo, la sivyo ugonjwa utabebwa pamoja na kuvu njema.

DAP nayo ina kipimo chake. Mti ukishiba fosforasi kutoka gunia hupunguza sukari unayoipa kuvu, na kuvu hupungua mizizini. Hii haimaanishi mbolea iachwe. Kuvu haitengenezi fosforasi, husafirisha tu iliyopo, na udongo ulioisha hauokolewi na kuvu. Ndiyo maana kupima udongo kabla ya kununua mbolea, kwa mfano katika maabara za KALRO, ni gharama yenye faida. Samadi na matandazo huisaidia kuvu. Jembe linalochimba sana karibu na shina hukata nyuzi zake.

Sasa kuna pakiti za kuvu hii madukani. Mradi wa COMPRO, ulioanza mwaka wa 2009 nchini Kenya, Ethiopia na Nigeria, ulipima bidhaa nyingi za aina hii, na nyingi hazikuonyesha faida. Kuvu ni kiumbe hai; pakiti iliyokaa juani inaweza kuwa vumbi tu, na macho hayawezi kutambua. Hata mizizi yenyewe hupakwa rangi na kuangaliwa kwa hadubini ndipo kuvu ionekane.

Mnunuzi aulize tarehe ya kutengenezwa na jina la kuvu iliyomo. Kisha miche 10 ipewe, mingine 10 ya kitalu kimoja iachwe bila, yote kwenye safu moja, na urefu upimwe mvua zikiisha. Afisa wa kilimo wa wadi anaweza kusaidia kuweka kumbukumbu hizo.