Nakala Iliyosalia



Mchezo wa kuigiza jukwaani una ugonjwa mmoja: pazia likishushwa, umekwisha. Aliyekuwepo atasimulia, asiyekuwepo atasikia tu. Leo nataka tuwaangalie watu waliojaribu kuutibu ugonjwa huo, kisha wakaitupa dawa wao wenyewe.

Mwaka 1964 Richard Burton alikuwa akiigiza Hamlet ya Shakespeare katika ukumbi wa Lunt-Fontanne, New York, chini ya uongozi wa John Gielgud. Waigizaji walivaa nguo za mazoezi, kana kwamba ndiyo kwanza wanajifunza. Watu walifurika, lakini ukumbi ni ukumbi. Mtu wa Texas angefikaje?

Ndipo ukatumika mtambo ulioitwa Electronovision. Kamera za televisheni ziliwekwa humo humo ukumbini, watazamaji wakiwa wamekaa vitini mwao, pasipo yale mataa makali ya wapiga filamu. Picha za umeme zikahamishiwa kwenye filamu, ambayo mashine ya jumba la sinema huweza kuionyesha. Hapakuwa na kusimamisha mchezo ili mtu arudie maneno yake. Kazi ikafanyika mwishoni mwa Juni na mwanzoni mwa Julai, na tarehe 23 na 24 Septemba mchezo ukaonyeshwa katika majumba yapatayo elfu moja ya Marekani. Siku mbili, basi. Mapatano yalitaka nakala ziharibiwe baada ya hapo.

Picha yenyewe, nisiwadanganye, ina kiza. Lakini unawasikia watu wakimcheka Polonius wa Hume Cronyn, nawe unacheka pamoja nao. Filamu iliyopigwa studio haikupi hilo.

Utauliza: umeionaje, nawe wasema iliharibiwa? Burton alifariki mwaka 1984. Baadaye mjane wake akaikuta nakala moja miongoni mwa vitu alivyoviacha, na mchezo ukaonekana tena. Wako watakaosema mapatano ni mapatano. Sawa, lakini mimi siwezi kuinunia nakala ile, na sababu ninayo.

Nilipokuwa kijana nilifanya kazi katika kituo kimoja cha redio. Kanda mpya zilikuwa ghali, kwa hiyo tulifuta za zamani. Siku moja nilikabidhiwa kanda za mchezo wa redio uliokuwa ukiwakusanya watu barazani kila juma. Nilizifuta zote kabla ya chakula cha mchana, juu yake tukarekodi hotuba ambazo sasa hazikumbukwi na mtu.

Mzee aliyeigiza baba mkwe katika mchezo ule amekwisha kufariki. Mwanawe alinifuata msibani.

“Shikamoo mzee. Sauti ya baba haipo huko redioni?”

“Marahaba, mwanangu,” nikamjibu. “Nitaangalia.”