Mgeni Ndani ya Utumbo wa Nguruwe

Nguruwe huokota bakteria wa salmonela kwa pua ile ile inayofukua kinyesi na pumba. Asidi ya tumbo huua bakteria wengi, ila wachache hufika mwisho wa utumbo mwembamba. Hapo wana ujanja wa ajabu: huchoma seli kwa kijisindano, huidunga protini, nayo seli, kama mwenye nyumba aliyeleweshwa, humfungulia mwizi mlango. Utumbo huvimba. Kitoto cha nguruwe kilichoachishwa kunyonya karibuni hupata homa na kuhara majimaji ya manjano.

Nguruwe mkubwa aweza asionyeshe chochote, na huyo ndiye ninayemhofia zaidi. Bakteria hujificha kwenye tezi za limfu. Safari ya machinjioni ikimchosha, huwamwaga tena kwenye kinyesi, mle mle garini.