Bunduki Mpya Ikiwa Ngumu: Subira Kabla ya Tupa

Maneno ya mazungumzo kwa wakazi wa kata za Mwika Kaskazini na Mwika Kusini



Kila Desemba barabara inayopanda kutoka Himo kupitia Marangu Mtoni hujaa magari ya wana wa mlima wanaorejea vihambani. Wengine huja na mabati, wengine na mbuzi, na wachache huja na shotigani mpya ambayo wameipata kwa kibali halali, kwa ajili ya kulinda duka au mji. Siku ya pili aghalabu malalamiko huanza: bunduki haifunguki vizuri, haifungiki vizuri, wenzo wake ni mgumu kama kufuli lenye kutu. Shauri la kwanza ambalo jirani hutoa ni kuipeleka kwa fundi. Mazungumzo haya yanahusu shauri hilo, kwa kuwa ndilo lenye hatari kubwa kuliko ugumu wenyewe.

Uchagani bunduki si kitu kigeni. Mwezi Juni mwaka 1892 wapiganaji wa Mangi Meli wa Moshi walikishinda kikosi cha Kijerumani, na kiongozi wa kikosi hicho, von Bülow, akauawa. Silaha za zama hizo zilikuwa nyingi za aina ya gobore, ambayo baruti yake hushindiliwa kwa mdomoni, na mfua chuma mwenye mkono mwepesi aliweza kuitengeneza kwa nyundo na tupa. Mazoea hayo yamebaki katika fikra za watu. Lakini shotigani ya leo si gobore. Vyuma vyake vimekatwa vikabane kwa kipimo chembamba kuliko unywele, na kubana huko ndiko kunakomlinda anayeifyatua. Risasi ya namba 12 inapolipuka, msukumo ndani ya chemba huzidi mara 200 ule wa upepo wa tairi la gari dogo, na yote hayo hutokea karibu kabisa na uso wa mtu.

Tuitazame kwanza ile ya mitutu miwili inayokunjwa katikati. Mwenye nayo anapoikunja, hafungui mlango tu; katika bunduki nyingi za aina hii tendo hilo hilo hurudisha nyuma nyundo mbili zilizofichwa ndani na kuzikandamiza juu ya springi zake. Katika zile zinazotupa maganda zenyewe, kufunga nako hukandamiza springi nyingine. Kwa hiyo sehemu ya ugumu ule si kasoro, ni kazi inayofanyika. Hata wenzo wa juu, ambao baada ya kufunga husimama kidogo upande wa kulia badala ya kulala katikati, haujapinda. Umeachiwa nafasi ya kulika polepole kwa miaka mingi ya matumizi, na mnunuzi wa bunduki kuukuu hutazama hapo hapo ili ajue imechoka kiasi gani.

Sehemu nyingine ya ugumu hutokana na grisi nzito inayopakwa kiwandani ili chuma kisishike kutu safarini. Kwenye joto la Dar es Salaam grisi hiyo hulainika. Mwika, hasa mwezi wa Juni na Julai ukungu unaposhuka hadi mlangoni, huganda.

Dawa yake ni ya kawaida mno, na pengine ndiyo sababu watu huidharau. Mwenye bunduki huhakikisha kwanza kwamba chemba zote ni tupu, kwa kuzitazama kwa macho na kuzigusa kwa kidole, na risasi zote huondolewa katika chumba hicho na kufungiwa kwingine. Kisha grisi ya kiwandani hufutwa kwa kitambaa kikavu. Ikiwa imeganda, kitambaa huloweshwa kidogo mafuta ya taa, mbali na jiko, lakini chuma kilichofutwa kwa mafuta ya taa hubaki uchi na kutu hukijia upesi. Ni lazima kikaushwe na kupakwa mafuta ya bunduki mara moja. Tone moja la grisi safi hutosha kwenye bawaba na kwenye meno yanayofungia mtutu. Mafuta ya kupikia yasitumike, maana hugeuka gundi. Wala yasitumike yale machafu yaliyomwagwa kutoka kwenye injini ya bodaboda, kwa kuwa yana chembechembe za chuma ambazo zitafanya kazi ya msasa pasipo mtu kujua.

Baada ya hapo bunduki hufunguliwa na kufungwa, ikiwa tupu, mara 20 au 30 kwa siku, kwa siku kadhaa, huku mdomo ukielekezwa chini penye udongo, si kwenye ukuta wa mbao wala sakafu ya saruji. Haifunguliwi kwa kuipiga gotini. Haiachwi ianguke kwa uzito wake, wala haifungwi kwa kuirusha kwa mkono mmoja kama inavyoonekana kwenye sinema. Anayefunga huinua kitako kikaufuata mtutu. Akiinua mtutu ufuate kitako, mdomo wake utapita miguuni na pengine kifuani kwa aliye mbele yake. Tena vifyatulio visibonyezwe ovyo katika chemba tupu, kwani pini za kufyatulia huweza kuvunjika. Risasi bandia za mazoezi zipo kwa kazi hiyo. Shotigani ya pampu, ile inayovutwa kwa mkono wa mbele, hulainika vivyo hivyo: kuvuta na kusukuma hadi mwisho bila kusita, ikiwa tupu.

Wapo wanaoamini kuwa bunduki hulainika haraka zaidi kwa kufyatuliwa risasi nyingi. Huenda ikawa hivyo katika kiwanja cha shabaha kinachotambuliwa. Mwika si kiwanja. Hapa kihamba hupakana na kihamba, migomba huficha nyumba, na marisau madogo huweza kusafiri mita 200 na zaidi, huku yale makubwa yakienda mbali mno kuliko hapo. Jani la mgomba halizuii kitu. Kufyatua ili kujaribu, au kushangilia mwaka mpya, ni kosa mbele ya sheria hata kama hakuna aliyeumia.

Kipo kipimo kimoja ambacho kila mwenye silaha hana budi kukijua. Ikiwa bunduki hufungika vyema ikiwa tupu lakini hukataa ikiwa na risasi, aghalabu kosa ni la risasi: imevimba kwa unyevu, au si ya kipimo chake. Isilazimishwe. Risasi ya namba 20 huteleza ndani ya mtutu wa namba 12 na kukwama mbele ya chemba bila kuonekana. Ikifuatiwa na risasi ya namba 12, mtutu hupasuka na kuchukua vidole. Tope la masika lililoziba mdomo wa mtutu huweza kuleta balaa hilo hilo.

Ikiwa baada ya majuma mawili ya uangalizi bado kuna kukwaruza, vumbi la chuma linaonekana, au ugumu uko upande mmoja tu, bunduki hurudishwa kwa muuzaji mwenye leseni aliyeiuza. Haipelekwi kwa mchomeleaji wa sokoni, hata awe hodari wa mageti. Akipitisha tupa kwenye meno ya kufungia, bunduki italainika siku hiyo hiyo na mwenye nayo atafurahi. Lakini mtutu ukielekezwa kwenye mwanga, mwanga utapenya mahali ambapo moto wa baruti nao utapenya. Zaidi ya hayo, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi, Namba 2 ya mwaka 2015, hairuhusu mtu kutengeneza silaha bila leseni ya kazi hiyo, na leseni ya kumiliki ni ya mtu aliyetajwa ndani yake. Mwenye silaha anayemwachia fundi asubuhi na kuifuata jioni amekwisha kuikabidhi kwa asiyeruhusiwa.

Neno la mwisho ni kwa akina mama, kwa kuwa wao ndio wanaobaki na nyumba yenye wajukuu 10 wakati wa sikukuu. Bunduki inayolainishwa sebuleni kila jioni huwavutia watoto. Kazi hiyo ifanywe mlango ukiwa umefungwa, na ikiisha silaha irudi kwenye sanduku la chuma, ufunguo ukae kwa mwenye leseni. Mama akiona vinginevyo, amwambie mwenye leseni siku hiyo hiyo, na asiposikilizwa, mwenyekiti wa kitongoji na polisi kata wapo.