Meno Mawili na Meno Matatu: Habari za Plagi na Soketi
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama na jamaa zao, Dundori)

Tumepewa dakika chache kabla ya hesabu za tawi kusomwa, nasi twataka kuzitumia kwa habari ya kitu kidogo kilichoko ukutani, yaani soketi, na plagi iingiayo ndani yake. Wengine watasema hayo si mambo ya chama. Twawajibu kwamba chama kinachodai buti na kofia za kazini hakiwezi kunyamaza mwanachama akiungua nyumbani kwake. Tena stima imetufikia wengi siku hizi, hasa tangu mpango wa serikali wa mwaka 2015 ulioshusha ada ya kuunganishiwa kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000.

Sisi watu wa reli twaijua taabu ya vipimo viwili. Njia yetu ya zamani, iliyofika Nakuru mwaka 1900, upana wake ni milimita 1,000. Njia mpya, iliyofika Suswa mwaka 2019, ni milimita 1,435. Behewa la njia moja halitembei juu ya nyingine, basi mizigo haina budi kuhamishwa. Wenzetu wa Tanzania wana kazi hiyo hiyo kule Kidatu, mahali reli ya Tazara ya milimita 1,067 inapokutana na ile ya mita moja. Hakuna mtu wa reli atakayelipiga behewa nyundo ili liingie njia isiyo yake. Lakini majumbani jambo hilo hufanywa kila jioni. Mtu huchukua chaja yenye meno mawili ya mviringo, hutia kijiti au kalamu katika tundu la juu la soketi, vifuniko vya ndani vikafunguka, kisha huisukuma chaja kwa nguvu. Na mtoto yupo hapo anatazama.

Yafaa tujue soketi yetu ilitoka wapi. Zamani Waingereza walikuwa na plagi za meno matatu ya mviringo, za ukubwa mbalimbali: ampea 2, ampea 5, ampea 15. Ya taa haikuingia soketi ya jiko. India na Afrika Kusini mpaka leo wanatumia plagi za ukoo huo. Wakati wa vita vya pili Waingereza walikaa kufikiri juu ya nyumba zitakazojengwa baadaye, na shaba nyekundu ilikuwa adimu. Wakaona waya mmoja uizunguke nyumba kama pete, utoke katika boksi la fyuzi, upite kwenye soketi zote, urudi bokisini, nao ulindwe na fyuzi moja ya ampea 30. Mwaka 1947 ikatolewa kanuni ya plagi mpya ya meno matatu bapa. Ndiyo hii tunayotumia Kenya, na ndiyo wanayotumia Uganda na Zanzibar, na huko Oman na Dubai wanakofanya kazi jamaa zetu.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo kiini cha habari. Waya wa redio ni mwembamba. Ukiharibika na kuanza kupitisha ampea 15 au 20, utawaka kama koili, na ile fyuzi ya ampea 30 bokisini itaona ni mzigo wake wa kawaida. Kwa sababu hiyo Waingereza wakaweka fyuzi ndogo ndani ya kila plagi. Jino la juu wakalifanya refu kupita mengine, ili liguse waya wa ardhi kwanza (mafundi huuita athi) na kufungua vifuniko vya yale matundu mawili yenye hatari.

Wajerumani walikwenda njia nyingine. Plagi yao, inayotokana na kazi ya Albert Büttner katika miaka ya 1920, ina meno mawili ya mviringo na vipande vya chuma ubavuni vya kugusa ardhi. Wafaransa na Wabelgiji jino lao la ardhi hutokeza katika soketi yenyewe. Ndizo utakazoziona ukienda Goma. Plagi hizo hazina fyuzi, kwa kuwa katika nyumba zao njia ya soketi hulindwa bokisini kwa ampea 16 hivi. Hatusemi ni mbaya. Kwao ni nzuri sana, na ile ya Kijerumani hushika imara. Ubaya ni kuileta katika nyumba ya pete ya ampea 30, ukaitia kwa kijiti: fyuzi huna, athi huna, na meno ya mviringo hayashikwi sawasawa na vyuma vilivyofanywa kwa meno bapa. Pasi au birika hapo huchoma soketi.

Ya Marekani ni mambo mengine kabisa. Kule stima ni volti 120, hapa 240. Kikaango cha huko ukikitia hapa hakitapata nguvu mara mbili, kitapata mara nne, nacho kitakufa mbele ya macho yako, hata adapta iwe nzuri namna gani. Adapta hubadili meno tu, haibadili volti. Tena angalieni rangi. Katika nyumba zetu za zamani waya mwekundu ni wa moto, mweusi ni wa kurudisha. Kwa Wamarekani mweusi ndio wa moto! Nyaya mpya za vyombo ni kahawia kwa moto, buluu kwa kurudisha, kijani na manjano kwa ardhi.

Mwaka 1986 wakuu wa viwango wa dunia walitoa mfano wa plagi moja ya nchi zote zenye volti kama zetu. Brazili na Afrika Kusini waliupokea. Wengine walitazama mamilioni ya soketi ukutani, wakaacha, kama vile hakuna aliyeng'oa reli yote ya mita moja kwa siku moja.

Basi tufanyeje? Chaja ndogo yenye alama ya mraba ndani ya mraba haihitaji athi. Itumie kwa adapta yenye fyuzi. Lakini koili ya maji, ambayo baridi ya Dundori imeifanya rafiki wa kila nyumba, isitumike kamwe bila athi. Fyuzi nayo ichaguliwe kwa hesabu. Ampea 3 mara volti 240 ni wati 720, yatosha redio na televisheni. Ampea 13 ni wati 3,120, ya pasi na birika. Ile karatasi ya fedha ya sigara si fyuzi.

Wako wenye nyumba wasiotaka kusikia. Mmoja, ambaye hatumtaji, alijibu kwamba athi ni anasa ya matajiri, na kodi akaiongeza mwezi uo huo. Kwa hiyo twaiomba kamati iandike barua mbili, moja kwa wenye nyumba za kupanga, moja kwa wanaosimamia nyumba za wafanyakazi, kudai kila soketi ipimwe athi na fundi mwenye leseni ya EPRA, na cheti kionyeshwe kwa mpangaji. Mpangaji asilipishwe.

Wenye plagi zisizo na fyuzi wazilete hapa Jumapili ijayo baada ya ibada. Wanachama wawili wenye ujuzi watakuwapo na bisibisi, nao watafunga plagi za meno matatu bila malipo. Plagi yenyewe kila mtu ajinunulie.