Elimu kwa Umma: Mtekaji Aliyejifanya Kocha

Masten Wanjala, kijana wa miaka 20 aliyekamatwa nchini Kenya Julai 2021, aliwaeleza polisi kwamba kwa takriban miaka 5 alikuwa amewaua watoto wasiopungua 10, na ilielezwa kuwa baadhi yao aliwanasa kwa kujifanya kocha wa mpira. Utekaji wa mtoto, yaani kumwondoa kwa nguvu au kwa hila mikononi mwa walezi wake, haukuhitaji silaha hapo. Ulihitaji cheo cha uongo ambacho hakuna aliyekihoji. Oktoba 13, 2021, siku aliyotakiwa kufikishwa kortini, alitoroka katika kituo cha polisi cha Jogoo Road, Nairobi, na punde akauawa na umati wa watu huko Bungoma. Familia zilinyimwa kesi, na hilo ni jeraha la pili.

Funzo kwa wafugaji wa Hirbadaw, Tanzania, ambako watoto huchunga mifugo mbali na boma, ni hili: mgeni anayetaka kumchukua mtoto, awe kocha au mwajiri, apelekwe kwanza kwa mtendaji wa kijiji, na mtoto akipotea, taarifa ifike polisi siku hiyohiyo au ipigwe simu ya msaada kwa watoto, namba 116, ambayo hailipiwi.